Mikono Mia Nne ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, niwie radhi. Mara ya mwisho niliandika humu mwezi wa Aprili mwaka jana, na tangu siku hiyo umekaa kabatini chini ya mashuka. Nilijiambia kwamba sina nafasi. Huo ni uongo, na mimi nilisomeshwa na walimu ambao kwao uongo na sentensi isiyo na kiima vilikuwa makosa ya daraja moja. Ukweli ni kwamba niliona mistari yako inafifia. Daktari wa macho amenieleza kuwa mistari haina tatizo. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho aliyekomaa, na la kulia limeanza.

Leo nimekupigia mistari upya kwa rula na kalamu nene. Naandika herufi kubwa kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Karatasi ya hospitali nimeitia katikati ya kurasa zako. Nimeijaza yote: umri, miaka sitini na minane, kazi, mkataji wa nguo. Imebaki nafasi moja, mstari wa mwisho, panapotakiwa jina la mtu atakayekaa nami wiki nne baada ya upasuaji na kunitia dawa machoni mara nne kwa siku. Hapo sikuandika kitu. Karatasi irudishwe kabla ya mwisho wa Mei.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Saa tatu asubuhi giza kama jioni. Nimekata kola sitini.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana yetu ni chumba kirefu cha ghorofa ya kwanza: cherehani tisa, pasi mbili, na meza ya kukatia chini ya dirisha kubwa. Mwenye karakana ni binti wa fundi aliyenifundisha kazi. Nilimwona akitambaa chini ya meza hii hii; leo ndiye mwajiri wangu, na bado huniita baba mdogo. Mshonaji hodari kuliko wote ni mwanamume mmoja mtaratibu tunayemwita Reli, kwa jinsi mshono wake unavyonyooka. Mimi wananiita Mzee Rula. Wanadhani sijui.

Kisha kuna mama anayetandaza vitambaa mezani kwangu kabla sijakata. Ni mjane wa miaka arobaini na kitu, na jina lake hapa ni Kicheko. Hucheka kabla ya kusema, anaposema na baada ya kusema, hivyo maneno yake hufika yamekunjamana. Huniita babu. Nimemweleza kwamba sina mjukuu wa miaka arobaini. Akacheka.

Kuhusu jicho langu hajui mtu. Wakijua, meza hii itapewa mwingine, nami nitakuwa mzee wa kiti cha plastiki mlangoni, anayeulizwa kama amekula. Miaka thelathini na tisa nimesimama hapa. Kiti hicho sikitaki.

Jumatano, 12 Machi

Imeingia kazi kubwa: mashati mia mbili ya wanafunzi wa shule moja, mikono mirefu, mia makubwa na mia madogo. Yanatakiwa Jumamosi ya tarehe 26 Aprili. Kitambaa kimeletwa cha kutosha na ziada kidogo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe kutoka kwa binti yangu: "Shikamoo baba. Uko salama?" Nimejibu: "Marahaba. Niko salama." Ndivyo tunavyoandikiana kwa mwaka wa pili sasa. Anaishi mji mwingine, mwendo wa saa nane kwa basi. Ndoa yake ilipovunjika aliniandikia barua ya kurasa nne. Nilimrudishia ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Niliamini ninamsaidia.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua siku ya sita. Nikisimama dirishani naona mwanga, sioni uzi.

Nieleze hapa kanuni ya meza yangu, maana mambo yakiharibika huanzia kwenye kanuni. Kitambaa kina uso, yaani upande unaoonekana nguo ikivaliwa, na kina mgongo. Kiolezo cha mkono wa shati ni kimoja tu. Ili upate mkono wa kulia na wa kushoto, tabaka moja la kitambaa hulalia mgongo na linalofuata hulalia uso. Unapokata, mikono hutoka jozi jozi. Vipande huwekwa kwenye rundo vyote vikiangalia juu, na kugeuzwa wakati wa kutandaza. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha Kicheko, neno kwa neno.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekata miili ya mashati yote. Kicheko ametandaza, mimi nimekata. Hakuna kasoro.

Alhamisi, 27 Machi

Usiku kucha mvua. Nilifika saa moja kasorobo nikakuta karakana tupu. Rundo la kitambaa cha mikono lilikuwa tayari kwenye rafu, limepangwa na Kicheko tangu jana jioni. Mwenyewe hajafika, njia ya kwao ilikuwa imejaa maji. Nikasubiri nusu saa. Halafu nikajiuliza namsubiri nani. Nilitandaza vitambaa kabla hajajua kushika sindano.

Nikatandaza mwenyewe. Kipande cha kwanza nikakilaza kilivyo, cha pili nikakigeuza, cha tatu kilivyo, cha nne nikakigeuza, hadi mwisho. Uso na mgongo wa kitambaa hiki vinafanana sana; nilikileta karibu na pua, sikuona tofauti, nikaitegemea kanuni. Nilipomaliza kukata, Kicheko aliingia amelowa hadi kiunoni. Akatazama meza, akaniuliza kama nilitandaza peke yangu. Nikamjibu kuwa anayechelewa hana haki ya kuuliza. Hakucheka.

Jumatatu, 31 Machi

Leo asubuhi Reli alianza kupachika mikono. Alipachika mmoja, akachukua wa pili, akaugeuza, akaurudisha. Akachukua mwingine. Akafungua fungu zima, kisha fungu la pili. Halafu akasimama, jambo asilolifanya kabla ya saa ya chai, akamwita mwenye karakana.

Mikono yote mia nne ilikuwa ya kushoto.

Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mwenye karakana alichukua mikono miwili, akailinganisha, akauliza ni nani aliyepanga vitambaa. Alikuwa mweupe midomoni. Kazi hii ikiharibika, shule hiyo haitarudi, na bila shule hiyo hakuna cherehani tisa.

Kicheko alisema, "Nilipanga mimi, dada."

Wote walimtazama, kwa kuwa kutandaza ni kazi yake. Mimi nilikuwa nimeshika chaki. Nilijua nani alitandaza. Mdomo wangu ulikuwa na sentensi kamili, yenye kiima na kiarifu, na sikuitoa. Mwenye karakana aliamua kwamba Kicheko ataondoka mezani, akae kwenye vifungo hadi kazi hii iishe, na baada ya hapo wataagana. Kicheko akachukua mkoba wake akahamia kona ya nyuma.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Sikukata kitu. Kimesimama kila kitu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimejieleza hivi: aliungama mwenyewe, mimi sikumsingizia. Ni maelezo sahihi. Nimeyasoma mara tatu na hayapendezi.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nilipita kona ya vifungo nikijifanya natafuta mkasi mdogo. Kicheko aliniambia shikamoo bila kuinua kichwa. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, alipanga vipi lile rundo.

Akasema, "Nilipanga jozi tayari, babu. Uso kwa uso. Najua si ulivyonifundisha."

Nikauliza kwa nini. Akahesabu vifungo kumi vya mbele yake, akasema basi tu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mwavuli mkononi, sikuufungua. Rundo lilikuwa sahihi. Yeye alikwisha kugeuza kila kipande cha pili, nami nikakigeuza tena. Miaka yote hii nimesahihisha makosa ya watu. Safari hii nilisahihisha kilichokuwa sahihi, na kwa kosa langu mwanamke anapoteza kazi.

Ijumaa, 4 Aprili

Nitaandika yote, na nikichoka nitapumzika na kuendelea.

Saa nne, wakati wa chai, wote wakiwa wamekaa, nilisimama mbele ya meza ya kukatia. Mikono yangu niliiweka nyuma, kisha nikaona huko nako ni kuficha, nikairudisha mbele. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi. Sikukumbuka hata neno moja.

Nilisema, "Vitambaa nilitandaza mimi. Kicheko alivipanga vizuri, mimi nikavigeuza. Sikuona kosa kwa sababu sioni. Jicho la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Nilinyamaza kwa siku nne kwa sababu niliogopa."

Nilisubiri lawama, lawama ningeiweza, nimezoea kuitoa na najua inavyojengwa.

Reli aliweka kikombe chini, akasema kwa upole wake ule ule, "La jicho tunalijua, mzee."

Nikauliza tangu lini. Ikawa kama kufungua bomba. Tangu mwaka jana, alisema mmoja. Tangu nilipomsalimia mwanasesere wa dirishani anayevishwa nguo, alisema mwingine, nikamwita mteja na kumwomba akae. Wengine wakainamia vikombe. Ndipo nikajua kwa nini cherehani ya Reli ilihamishwa kutoka dirishani, kwa nini juu ya meza yangu kuna taa mbili na kwingine moja, kwa nini chaki nyeupe ilibadilishwa ikawa ya bluu. Na Kicheko, kutoka kona yake, akasema kwamba mwaka jana aliniona nikikosea kugeuza mara mbili, akarekebisha nilipokwenda kunawa. Tangu hapo akaanza kupanga jozi tayari, kutandaza mwenyewe, na kuniachia kukata tu.

"Kukata unakata kwa mikono, babu," alisema. "Macho ulikuwa unayasumbua bure."

Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Nilikasirika. Nilijiona kama mtu aliyetembea mjini mwaka mzima na tundu kwenye suruali, na kila aliyemwamkia alikwishaliona. Wamenihurumia mimi, niliyewapigia mstari mwekundu kwenye kila tangazo la ukutani. Nikawaambia kwamba walikosa adabu kunificha. Hapo Kicheko akaanza. Kilianzia tumboni, kikapanda, akashika meza ya vifungo.

"Sisi ndio tumekuficha, babu? Sisi?"

Wakacheka wote. Nikachukua koti langu. Mlangoni mwenye karakana alinifuata. Macho yake yalikuwa na maji. Alisema amemwonea mtu mbele ya watu na atamwomba radhi mbele ya watu hao hao, na kwamba mimi nimemkosea zaidi kwa zile siku nne kuliko kwa ile mikono mia nne. Nikasema ni kweli. Akasema, "Baba angekuwepo angekuchapa na futi." Nikasema hilo nalo ni kweli. Akanirekebishia kola ya koti, kama nilivyokuwa nikimrekebishia yeye akienda shule.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilikwenda. Nilisimama chini ya ngazi kama dakika kumi nikisoma kibao cha mlango ambacho sikioni.

Nilimkuta Kicheko amerudi mezani. Nilimwomba radhi. Nilisema ilivyo, bila "kama nimekukosea", maana nilikuwa nimemkosea na sikuwa na haki ya hiyo "kama". Alisema vile vifungo alivihesabu kwa hasira hata akavichukia, na kwamba usiku wa Jumatatu alilia kwa ajili ya kazi na kwa ajili yangu, hakujua kipi kizidi. Kisha akasema nisimfanye alie tena, kazi ingalipo.

Nikachukua mkono mmoja mkubwa nikaupapasa. Vidole havina mtoto wa jicho. Nikaomba kiolezo cha saizi ndogo, nikakigeuza kinyume, nikakilaza juu ya ule mkono mkubwa. Kikaingia kwapani, kikaingia begani, kikabaki na nafasi ya upana wa kidole pande zote. Mkono mkubwa wa kushoto unatoa mkono mdogo wa kulia.

Nilirudia mara mbili nikiogopa kusema. Tulikuwa na mikono mikubwa mia ya kushoto isiyo na kazi, na tulihitaji midogo mia ya kulia. Ile midogo mia ya ziada tungeikata mifuko. Na kitambaa kilichotengwa kwa mifuko, pamoja na ile ziada kidogo, Reli alikipima akasema kinatosha mikono mikubwa mia ya kulia, kwa kubanana.

Mwenye karakana alikaa chini. Reli alisema, "Mzee Rula," mbele yangu kwa mara ya kwanza, akashtuka. Nikamwambia aendelee, jina lenyewe ni sahihi.

Jumatatu, 7 Aprili

Kukata tena mkono uliokwisha kukatwa hakutaki kosa hata la unywele. Mimi nashika mkasi, Kicheko ananiongoza: kulia, kulia, simama. Alipoona sauti haitoshi aliweka mkono wake juu ya wangu. Sijaongozwa mkono tangu nilipofundishwa kuandika herufi a. Niliona aibu mpaka masikioni. Mpaka saa tano aibu ilikuwa imechoka, nasi tumekata kumi na nane.

Alhamisi, 10 Aprili

Hamsini na sita. Mvua haikunyesha, nikasahau kuangalia kama hainyeshi.

Jumatatu, 14 Aprili

Mia moja. Mmoja tu uliharibika, na aliyeuharibu ni Kicheko, kwa kucheka. Tumepata kipande cha kuufidia. Kuanzia leo anashika mkasi kila siku kwa muda wa saa moja, mimi nikimfuata kwa vidole. Nimemwambia ana mkono mzuri. Amesema niandike tarehe. Nimeandika.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua kubwa. Mashati mia na arobaini yamepigwa pasi.

Jumamosi, 26 Aprili

Yamekwenda yote mia mbili, saa sita mchana, jua likiwaka. Mwakilishi wa shule alichukua shati moja, akalivuta mikono, akasema kushona kama huku hajakuona siku nyingi. Sote tulikuwa tukitazama chini, tukiwa kama watoto walioficha kitu kimoja. Alipoondoka, Reli, mtu asiyeinua sauti, alipanda juu ya kiti akacheza. Mwenye karakana akacheza na mkebe wa vifungo. Nami, baada ya kulifikiria jambo hilo, nilipiga makofi, kwa mpangilio.

Ukutani wamebandika karatasi ya kunishukuru mimi na Kicheko. Nimeisogelea mpaka puani. Ina makosa matatu. Nimeyaacha.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nimempigia simu binti yangu. Nilimwambia, "Mwanangu, sioni vizuri, natakiwa nipasuliwe, na naogopa."

Akasema, "Baba, rudia." Nikarudia. Akasema alisikia tangu mara ya kwanza. Kisha nikamwambia kuhusu ile barua ya kurasa nne, kwamba niliisoma kama mwalimu kwa sababu kama baba sikujua la kujibu. Alilia. Nilikaa kwenye simu hadi alipomaliza, na sikumpa ushauri wowote. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukata.

Jumapili, 4 Mei

Binti yangu alifika jana kwa basi la mchana, na mfuko mmoja wa nguo na mmoja wa vitu vya kunilisha. Leo Kicheko amekuja kunijulia hali. Niliwatambulisha, nikaweka karatasi ya hospitali mezani, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi walikuwa wanabishana.

Binti yangu anasema yeye ni damu yangu na likizo amekwisha kuomba. Kicheko anasema yeye anakaa mtaa wa pili, na dawa mara nne kwa siku inataka mtu anayejua ubishi wa huyu mzee. Binti yangu akasema huo ubishi alizaliwa nao nyumba moja. Kicheko akacheka, kile cha tumboni, na binti yangu, ambaye sikumsikia akicheka kwa miaka miwili, akamfuata. Kicheko akanigeukia akasema, "Mficha uchi hazai, babu. Ona sasa umezaa wawili." Reli naye alipiga simu kuuliza kama zamu za asubuhi zimechukuliwa.

Bado naogopa kisu. Bado kuna saa ninapokumbuka ile Ijumaa na uso ukanichoma. Lakini nimeketi na vikombe vitatu vilivyotumika mbele yangu, na sina haraka ya kuviosha.

Karatasi iko hapa. Mwezi wa Machi ule mstari wa mwisho ulikuwa mtupu kwa kuwa sikuwa na jina la kuandika. Leo ni mtupu kwa kuwa ninayo mengi, na waliouchora waliupima kwa jina moja tu. Kesho nitawasikiliza tena wote wawili. Nikishaamua nani niandike, nitakufungua nikueleze, daftari langu. Na ikiwa mkono wa daktari una ustadi kama wa mkataji, baada ya hapo nitakuandikia kwa herufi ndogo.